Bakuli la jirani: lirudi tupu, lirudi na kitu, au tuhamie kwenye vyombo vya kutupwa?

MLETA UZI

Assalamu alaykum ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo. Naleta hapa jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini nyumbani kwangu limezua mazungumzo ya siku nyingi, na sitaki kulimaliza kwa amri ya mama peke yake.

Siku chache kabla ya Ramadhani hii, binti yangu alirudi kutoka Darajani na pakiti ya vibakuli vya foili, vile vyenye vifuniko vya karatasi ngumu, akaviweka juu ya meza ya jikoni na kunambia kwamba mwaka huu tupumzike na habari ya vyombo vya watu. Hoja zake zilikuwa za haki. Sisi tunakaa Michenzani, hapa mjini Unguja, ghorofa ya nne, na Ramadhani ya mwaka wa nyuma ilituachia kabatini mabakuli matatu yasiyo na mwenyewe, huku mawili yetu yakiwa hayajulikani yalipo. Yeye ndiye anayepanda na kushuka ngazi kila jioni, ndiye anayeosha, na ndiye anayesimama mlangoni kwa mtu kuuliza, "Hili ni lenu?" Nilimkatalia siku ile, lakini nilimkatalia kwa jibu la kivivu, nikamwambia ndivyo tulivyolelewa. Msichana aliyeleta hoja tatu zenye mashiko anastahiki jibu bora kuliko hilo, na tangu hapo nimekuwa nikilitafuta.

Mimi nimezaliwa na kukulia Wete, Pemba. Katika nyumba yetu, jua likianza kushuka, mama alikuwa akipakua kwanza vya majirani, kisha ndiyo vyetu. Alijaza muhogo wa nazi na kipande cha samaki juu yake, au majimbi, au ndizi mbichi, akafunika kwa kawa la ukindu alilolisuka nyanya yetu, na mtoto akatumwa kwa maneno ambayo nayakumbuka hadi leo: usikimbie, usisimame njiani, piga hodi ungoje uitikiwe, toa salamu, useme mama anakusalimu na hiki kidogo. Bakuli lilibaki kule. Kesho yake au kesho kutwa lilirudi na mtoto wa kule, limeoshwa ndani na nje, na ndani yake hapakosi kitu. Pengine tambi, pengine kalimati, pengine mkate wa kumimina uliokatwa vipande vinne. Kulikuwa na bibi mmoja mjane mwisho wa mtaa ambaye yeye alirudisha ndimu tatu, au kishada cha mchaichai kutoka uani kwake, na mama akizipokea ndimu zile kwa mikono miwili kama anavyopokea sinia ya pilau.

Nilipolifikiri jambo hili vizuri niligundua kwamba ninachokitetea kwa binti yangu ni ile safari ya pili. Futari ikipelekwa katika foili, safari ni moja tu: mtoto amekwenda, ametoa, amerudi, na mlango umefungwa. Bakuli likibaki kwa jirani linakuwa ni ahadi ya kwamba kabla wiki haijesha, mtu wa nyumba ile atapiga hodi kwenye nyumba hii. Wete safari hiyo haikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu watu walikutana kisimani, barazani na shambani hata bila ya bakuli. Ni hapa kwenye majumba haya marefu yaliyojengwa miaka ya 1970 ndipo bakuli lilipokuwa na kazi zaidi, maana hatuna baraza ya kukalia jioni na kumwona anayepita, na mtu anaweza kuishi ukuta kwa ukuta na mwenziwe mwaka mzima wakajuana kwa sauti za watoto tu.

Hata hivyo lazima niseme na upande wa pili, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuwa mkosa. Ulikuja mwaka mmoja ambao kazi ya mume wangu ilisimama, na bakuli la jirani wa ghorofa ya chini lilikaa kwangu siku tisa. Yeye alileta katlesi na sambusa za nyama, na mimi kila siku nilikuwa nikilitazama lile bakuli nikijiambia kwamba leo sina cha kutia kinacholingana na kile. Siku ya kumi akamtuma mtoto kuliulizia. Nilihisi uso wangu unaungua. Yeye alidhani limevunjika nami namficha, na mimi nilikuwa namkimbia kwenye ngazi kwa haya ya umaskini wa mwezi mmoja. Kwa hiyo naelewa kwamba desturi ya kutorudisha chombo kitupu, ikigeuzwa kuwa mizani, inaweza kumfanya mtu amkimbie jirani badala ya kumwendea.

Naomba michango yenu katika mambo haya: chombo kikae kwa jirani muda gani, kirudi na nini, ni wakati gani kurudi kitupu ni adabu, na je, hivi vya kutupwa vina mahali pake?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Wa alaykumu salam, mwanangu. Mimi ni mtu mzima wa Makunduchi, na nimefurahi kuona jambo hili limeandikwa kwa utulivu.

Nianze na hiyo siku ya tisa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaasa wanawake kwamba jirani asidharau zawadi ya jirani yake hata ikiwa ni ukwato wa kondoo. Wengi tunayasoma maneno yale kama mafunzo kwa anayepokea, lakini yanamhusu na anayetoa: usikidharau ulicho nacho hata ukaacha kukitoa. Ukwato hauna nyama ya kutajwa. Wewe ulikuwa na ndimu jikoni, au hata kama hukuwa nayo ulikuwa na chumvi na neno zuri, na jirani yako angelala na moyo mweupe tangu siku ya pili.

Kuhusu muda, wazee wetu hawakuweka sheria, lakini walikuwa na kipimo. Bakuli lisirudi saa ile ile. Kumsimamisha mtoto wa watu mlangoni, ukakihamisha chakula mbio, ukamrudishia chombo kikiwa bado kimaji, kunafanana na kumwambia aliyekuletea kwamba hutaki kubaki na chake. Na kulipa papo kwa papo, akaleta kalimati nawe ukamjazia tambi pale pale, nako kunafanana na dukani. Kilale usiku mmoja au miwili. Kikipita siku tatu nne, peleka hata kama ndani hamna ila maji ya kuoshea yaliyokauka, kwa sababu mwenyewe huenda ana bakuli hilo moja tu la ukubwa ule na jioni analihitaji.

Na anayetumwa awe mtoto. Mtoto aliyepeleka bakuli mara ishirini anaijua mitaa, anajua nani mgonjwa, nani kafiwa, nani haoni vizuri, na anajua kupiga hodi mara tatu na kurudi ikiwa hakuitikiwa. Hilo hafundishwi skuli.

MCHANGIAJI WA PILI

Naheshimu aliyonena mzee wetu, na kwa Bi mleta uzi nasema ahsante, lakini naomba niruhusiwe kusimama upande wa binti.

Mimi naishi Fuoni, nafanya kazi Mjini, na siku za Ramadhani nafika nyumbani alasiri imeshaingia, nina watoto wawili wadogo na sina msaidizi. Nikipika, napenda kupeleka kwa majirani watatu, na kwa miaka kadhaa nilipeleka katika vyombo vyangu kama nilivyolelewa. Kilichonigeuza ni bakuli moja la kauri. Jirani yangu aliniletea shurba ndani yake, na mwanangu wa miaka minane alipokuwa akilirudisha aliteleza kwenye matope ya masika, likavunjika vipande viwili. Lilikuwa ni la marehemu mama yake. Hakunigombeza, wala hakusema neno baya, lakini alilia mbele ya mwanangu, na mwanangu tangu siku hiyo hataki kutumwa kwenye nyumba ile. Sisi wawili tulipitisha karibu mwaka na nusu tukisalimiana kwa midomo tu. Nilimnunulia jipya, zuri kuliko lile, akalipokea, na sijawahi kuliona likitumika.

Ndiyo maana natumia foili. Chakula kinafika, thawabu inapatikana, na hakuna moyo wa mtu unaobebwa na mtoto juu ya mikono miwili midogo. Sidhani kama mimi nimepungukiwa na ujirani kwa ajili hiyo. Mwenye muda na mwenye mtoto mkubwa aendelee na mabakuli, lakini asituone tulioacha kuwa tumeacha adabu.

MLETA UZI

Mwenzangu wa Fuoni, nimesoma maneno yako mara mbili na nimekuhurumia wewe na mwanao. Sina la kukulaumu.

Kisa chako kimenikumbusha kisa kinachojulikana katika hadithi, nacho ni cha bakuli lililovunjika vile vile. Mtume alikuwa kwa mmoja wa wake zake, mke mwengine akatuma chakula katika bakuli kwa mkono wa mtumishi, na yule mwenye nyumba kwa wivu akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka na kuvunjika. Mtume akaokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yenu ameshikwa na wivu, kisha akamzuia mtumishi asiondoke mpaka likatolewa bakuli zima la nyumba ile, akalipeleka kwa yule ambaye lake limevunjika, na lile bovu likabaki kwenye nyumba lilimovunjikia. Linalonigusa ni kwamba hakuna aliyefokewa kwa kosa lake na hakuna aliyeachwa bila ya haki yake. Mtumishi hakurudi mikono mitupu kwenda kueleza habari nzito peke yake. Nadhani sisi tukivunja cha watu tungefanya vyema kwenda wenyewe, mtu mzima na mtoto pamoja, siku hiyo hiyo, na bakuli jengine mkononi, hata kama ni la muda tu hadi tupate linalofanana.

Lakini kuna kosa jengine katika kisa hiki, nalo ni la jirani yako, Mungu amsamehe na mama yake amrehemu: bakuli la marehemu halitoki nje ya nyumba. Mama yangu alikuwa na vyombo vya aina tatu, na hili nalikumbuka kwa sababu tulipigwa kwa kulikosea. Vilikuwapo vya kabatini, ambavyo havikutoka hata siku ya Idi isipokuwa ndani ya nyumba kwa mgeni. Vilikuwapo vya kila siku. Na vilikuwapo vya kutoka, yaani mabakuli ya bati ya maua na baadaye ya melamini, ambavyo kabla ya kumpa mtoto alikuwa ameshavisamehe moyoni. Akipeleka katika chombo asichoweza kukisamehe, alisema, amemtega jirani. Vyote vya kutoka vilikuwa na alama chini. Wengine waliandika herufi kwa rangi, kama tunavyofanya kwa masufuria ya kuazimana siku za shughuli. Yeye alitia doa la rangi ya kucha, jekundu, na mitaa yote ilijua kwamba doa jekundu ni kwetu.

Kwa binti yangu hilo limekuwa jibu la nusu ya malalamiko yake. Mabakuli matatu yasiyo na mwenyewe yalikosa mwenyewe kwa kuwa hayana alama.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi niko Chake Chake. Nitagusa hilo swali la wakati gani chombo kitupu ni adabu, maana naona limepitwa.

Nyumba yenye msiba hairudishi kitu ndani ya chombo. Majirani ndio wanaowapikia wafiwa siku zile za mwanzo, hiyo ni sunna na ni mila yetu pia, na nyumba ile haitakiwi kuwasha moto kwa ajili ya kumlipa mtu. Hata kuosha wasiachiwe wao. Kwetu hapa, wanawake wawili watatu wa jirani ndio wanaokusanya vyombo jioni, wanaviosha uani, wanavipanga ukutani kwa alama zake, na kila mwenye chake anakuja kukichukua mwenyewe bila ya kupita ndani kuwasumbua wenye huzuni. Nimewahi kumwona mfiwa, siku ya pili ya kufiwa na mume, akiulizwa sahani ya mtu iko wapi. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Ikiwa chombo chako hukukiona, nyamaza mpaka siku zipite, na kama ni mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi, basi wewe ndiye wa kumwendea kwa kumjulia hali, na bakuli litajitaja lenyewe.

Mzazi aliyejifungua ni hivyo hivyo. Mgonjwa ni hivyo hivyo. Na nyumba ambayo unajua kwamba haina, ukiipelekea chakula, watafutie njia ya kukurudishia bila ya kugharimika. Mimi humwambia mtoto wa nyumba moja aniletee bakuli langu na majani ya mpapai ya dawa, kwa sababu uani kwao uko mpapai na kwangu hakuna. Wao hawajui kwamba nimelifikiria, nami nataka wasijue.

MCHANGIAJI WA NNE

Naomba nichangie nikiwa mgeni wa visiwa hivi. Mimi ni mwalimu, Mkristo, nilihamia Unguja kutoka Bara miaka kadhaa iliyopita. Ramadhani yangu ya kwanza hapa, mlango uligongwa jioni, na mtoto wa jirani akanikabidhi sahani ya mbatata za nazi na bilauri ya uji wa pilipili manga. Nilidhani wamekosea nyumba. Kesho yake nikaosha sahani na bilauri vizuri sana, nikarudisha na shukrani nyingi, vikiwa vitupu, nikaona nimetimiza. Hawakubadilika hata kidogo, waliendelea kuniletea mwezi mzima, na ni mwaka wa pili ndipo mwenzangu wa kazini aliponieleza taratibu zenu.

Shida yangu ikawa ni nini cha kurudisha, kwa sababu sikutaka kumpa jirani kitu atakachokila kwa wasiwasi au atakachokitupa kwa siri. Nilimwendea baba wa nyumba ile na kumwuliza waziwazi, na nashauri wageni wenzangu wafanye hivyo, maana aliniheshimu zaidi kwa kuuliza. Sasa kipindi cha Ramadhani narudisha matunda, tende au sukari. Krismasi ikifika nawapelekea pilau, na kuku nanunua kwa mchinjaji Muislamu wa sokoni ambaye jirani yangu mwenyewe ananunua kwake, na mtoto akija kuchukua namwambia wazi kuku katoka wapi ili akaseme nyumbani. Sahani zao na zangu zimechanganyika kiasi kwamba sidhani tutawahi kuzitenganisha.

MCHANGIAJI WA TANO

Kwa ufupi, nyongeza juu ya foili. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, miaka kadhaa kabla ya Bara kufanya hivyo mwaka 2019, na sababu ilikuwa ni udogo wa visiwa vyetu na taka zinavyoishia kwenye mitaro na baharini. Vifungashio vya foili vya mwezi mzima kwa nyumba tatu kila jioni ni karibu mia, na vyote vinakwenda kwenye jaa la Kibele au mtaroni. Bakuli la melamini linamaliza miaka kumi. Dada wa Fuoni asinichukie, hali yake nimeielewa, lakini wenye nafasi walifikirie na hilo.

MLETA UZI

Nawashukuru nyote. Nimekaa na binti yangu, nikamsomea michango yenu yote, na ya dada wa Fuoni nilimsomea kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na moyo wake.

Tumekubaliana hivi. Pakiti ya foili haikurudishwa dukani wala haikutupwa, kwa sababu tumeona ina mahali pake: anayesafiri kwa boti kwenda Pemba na kufuturu njiani, mgonjwa aliyelazwa ambaye jamaa zake hawana pa kuoshea chombo, na mlinzi wa usiku anayemaliza zamu asubuhi na hatujui kesho atapangwa wapi. Hao huwezi kuwatwika deni la kurudisha chombo. Kwa majirani wa ngazi yetu tumerudi kwenye mabakuli. Tulikwenda Mwanakwerekwe tukanunua sita ya melamini, ya bei ndogo, yote meupe, na binti yangu ndiye aliyechagua rangi ya kucha. Ameikataa nyekundu ya bibi yake, akatia ya kijani, na kwa hilo sikumzuia.

Kuhusu kinachorudi ndani yake, nimelizungumza ana kwa ana na wanawake wa ngazi yetu, maana niliona desturi hii haitapungua uzito ikiwa kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kurudisha kidogo. Nikawaambia kwamba mimi nitaanza. Wiki ya pili ya Ramadhani nilirudisha bakuli la jirani wa chini, yule yule wa siku tisa, likiwa na ndimu mbili peke yake, ingawa siku hiyo nilikuwa nimepika mkate wa kumimina. Alizipokea, akacheka, akaniambia kwamba mwaka ule aliokuwa akiliulizia bakuli lake, na wao pia walikuwa wamekwama, na alilihitaji kwa sababu ndilo alilokuwa akipimia unga wa kuazima kwa dada yake. Tulikuwa tumekimbiana kwenye ngazi moja kwa sababu moja.

Yale mabakuli matatu ya mwaka wa nyuma, binti yangu aliyabeba mwenyewe mlango kwa mlango, kuanzia ghorofa ya juu hadi ya chini. Mawili yamepata wenyewe, na katika nyumba mojawapo aliingizwa ndani akakaa hadi isha kwa sababu kumbe walikuwa na msichana wa rika lake ambaye hawakuwahi kusemeshana. La tatu bado liko kwangu. Ni la kauri, jeupe, lina maua ya buluu ubavuni na ufa mdogo karibu na ukingo, halina alama yoyote chini. Kwa lilivyo huenda ni la kabatini na lilitoka kwa bahati mbaya. Kama mwenyewe anasoma hapa, nimelifunika kwa kawa na nimelitia ndimu ndani, ninazibadilisha zikianza kukauka.